Namba Sita

Ankara ya kwanza ilirudi kutoka Qingdao
na visanduku kumi na vinne vitupu
mahali tulipodhani tumeandika jina la mteja.
Bwana Shelukindo akaviangalia kwa miwani, bila miwani:
"Nyumba hizi hazina watu, Kidawa. Tafuta wapangaji."

Akaja Semkiwa wa Chumbageni, wino wa printa kuchani,
akaizima mashine, akaiwasha, mara tatu,
akaniambia, sasa inajua Kichina.
Wewe hujui. Lakini yenyewe inajua.

Nilitazamia kibodi nyingine,
pana kama meza ya fundi cherehani,
kitufe kwa kila neno, maelfu.
Kumbe ni hii hii, yenye A iliyofutika
na makombo ya biskuti chini ya mwambaa.

Unaandika sauti, yenyewe inauliza.
Niligonga *ma*,
orodha ikafunguka chini ya kidole:
swali, mama, farasi,
kidogo pembeni, tusi.
Nikacheka peke yangu.
Mimi niliyekaa Tanga miaka yote,
nikala kaa, nikapuliza kaa la moto,
chai ikaniunguza kaakaa,
sijaulizwa hata siku moja: kaa yupi, kaa lipi?
Sisi neno linalofuata ndilo hutuamulia.

Bibi Liu, mnunuzi, alikuwa ameniachia karatasi,
jina la mzigo kwa herufi zetu: *jianma*.
Jian ni upanga, alisema. Ma utaitafuta.
Namba sita.
Semkiwa akaikuza ikajaa kioo:

麻

Paa, na chini ya paa mashina mawili,
kama singa zilizoanikwa Pongwe,
mvua imetishia, mtu kakimbia kuzifunika.

Hivyo mkonge wetu, kwao, ni upanga wa nyuzi.

Baba alitoka Songea kwa lori, halafu treni,
wakamvika kibati shingoni. Manamba.
Karani hakuuliza jina linatamkwaje.
Mwiba wa ncha ulimjua kwa mkono wa kushoto,
vidole viwili havikukunjika tena.
"Hili si jani," alikuwa akisema, "hili sime,"
nasi, watoto, tukidhani anaongeza chumvi.

Nikabonyeza sita.
Marobota mia mbili na arobaini yakapata jina,
Bwana Shelukindo akapiga muhuri, akaenda kuswali.

Nilibaki.
Nikaandika *Haule*, nione mashine itasemaje.
Ikahangaika, ikalikata vipande,
ikaniletea tisa nichague.
Nikafungua ukurasa wa pili, wa tatu.
Hayumo.

Basi nikachukua kalamu,
nikamwandika nyuma ya nakala, kwa mkono.
Nilitaka kuongeza na namba yake.
Siijui. Kibati alikifukia mwenyewe,
na hakutuonyesha wapi.