Stendi Iko Kulia

Jumamosi, saa tisa, maabara ya chuo, Chumbageni.
Watu wanne, kompyuta moja,
na feni inayozunguka ikijisikia.
Kalamu ya ubao nimepewa mimi
kwa kuwa hati yangu yasomeka,
si kwa kuwa nina la kusema.

Mhina anataka bunduki.
"Mchezo bila bunduki ni chai ya mgonjwa."
Anachora mapango ya Amboni, popo wenye meno ya chuma,
jitu limevaa magome.
Naandika BUNDUKI. Naweka alama ya kuuliza.

Mwanakombo anataka baiskeli.
Baiskeli ya kike, yenye kapu mbele,
izimalize barabara zote za Ngamiani kwa namba zake,
na silaha yake iwe kengele.
"Nani atanunua?"
"Nani kakwambia tunauza?"

Tukahamia kwenye zana.
Injini ipo ya bure, ila inadai kumbukumbu
ambayo mashine hii hata ndotoni haijaiona.
Sauti: simu ya Mwanakombo. Kijiko ndani ya kikombe,
kandambili kwenye saruji,
shangazi yake akikohoa kabla ya kusema uongo.
Picha: daftari la hesabu, mraba mmoja nukta moja.
Mtu wetu ana miraba kumi na sita kwenda juu.
Pua hana. Nafasi haikutosha.

Kisha Mhina, kwa kejeli tu:
"Basi mgeni afike Tanga asubuhi, aliwahi basi la jioni.
Si mnasema waja leo, waondoka leo? Tumwone."

Ubao ukanishinda.
Kila mlango mtego: karibu chai,
karibu ukae japo kidogo,
hebu, wewe si wa kina Shekifu?
Ukikataa, heshima inapungua.
Ukikubali, jua linapungua.
Tukajaribu sakafuni kwa vizibo vya soda,
na Mhina, komando wetu,
akanaswa barabara ya nane na bakuli la mhogo wa nazi.
Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Hidaya hakucheka. Alikuwa anaandika msimbo.
"Mbona kuondoka mmekufanya kugumu hivyo?"
Alisema hajageuka.
"Baba alipita mitaa hiyo hiyo, na begi, mchana kweupe.
Hakuna aliyemwambia karibu.
Hata andazi."

Feni ikajisikia, ikazunguka.
Mhina akaokota vizibo, kimoja kimoja,
akavipanga mezani karibu na mkono wake, bila neno.
Nami na kalamu yangu
sikujua hilo linaingia safu gani,
ya dhana au ya zana.

Saa kumi na mbili kasoro, mtu wetu akatembea!
Juu. Chini. Kushoto.
Kulia akagoma.
Tukasaka kosa mstari kwa mstari, nusu saa nzima;
msimbo mzima kama yai.
Kumbe ni kitufe chenyewe, mshale wa kulia,
kilichokunywa soda ya watu tusiowajua
kabla hatujafika chuoni.

"Stendi tuliiweka upande gani?" akauliza Mwanakombo.
Tukautazama ubao.

Hidaya ndiye aliyecheka kwanza,
kicheko kifupi, cha puani,
kama mtu aliyekuta funguo mfukoni mwake mwenyewe.
Akakibonyeza tena kitufe kile. Tena.
Mtu asiye na pua amesimama tu, barabara ya nane.

"Kibodi mpya msinunue," akasema.
"Wiki hii, msinunue."