Kushuka Ndio Ngoma

Ngazi ya kilima chetu ina vidato mia na sitini na vitatu.
Nilivihesabu nikiwa na miaka ishirini na miwili,
kopo la rangi mkono wa kushoto, viatu mkono wa kulia,
nikimkimbilia Nibaldo aliyekuwa akipaka chumba chetu cha kwanza
buluu ya meli, buluu ya kuibwa bandarini Valparaíso.
Nilifika juu nikiwa bado na pumzi ya kumtukana.

Thelathini na minne: mtungi wa gesi begani,
Rosamel kanishika sketi, Yolanda tumboni,
mbwa wa mtaa wakinisindikiza kama bibi harusi.
Hakuna aliyeyaita mazoezi.
Tuliita Jumanne.

Kisha kiwanda cha magunia kikanipa kiti.
Kiti, mshahara, na nauli ya kigari cha kamba
kilichotuvuta kilimani tumesimama kama chupa kwenye kreti.
Makalio yangu yakajifunza kazi.
Miguu ikasahau yake, polepole, bila kuaga,
kama mpangaji anayehamisha vyombo usiku, kimoja kimoja.

Dada yangu Ercilia alinicheka.
Yeye alipanda kila siku, aliogelea hata Julai
maji yakiuma kama koleo,
hakugusa sigara, sukari aliionja sikukuu.
Tulimzika na miaka hamsini na mmoja.
Wanaume sita walimshusha kwa ngazi yake mwenyewe,
mimi nikashuka kwa kigari, nikawasubiri chini.
Siku ile nikaiambia ngazi: huna mkataba na mtu.
Nikakaa miaka tisa.

Nilikuwa na sitini na mmoja kamba ya kigari ilipochoka.
Manispaa ikaweka kufuli na tangazo.
Zahanati, daktari Ailén Huenchumil,
mdogo kuliko koti nililovaa,
hakunionyesha chati wala hakuniahidi miaka.
"Nani anakuletea mkate?"
"Mjukuu."
"Na akihama?"
Nilimchukia mpaka nyumbani.

Kesho yake, vidato kumi.
Kumi, kisha ukuta, kisha kujifanya natazama meli.
Wiki ya tatu, kumi na vinane, na paka mmoja shahidi.
Jirani Leoncio akaweka kiti pale ngazi inapopinda,
akakiita ofisi yangu.
Kupanda niliweza, kama mkaidi awezavyo jambo lolote.
Kushuka ndio ngoma:
goti linapiga, nyonga inaitikia,
mkono unasaka chuma cha kushikia
kama unavyosaka swichi katika nyumba ya ugenini.

Nibaldo alikataa. "Mapigo ya moyo yamehesabiwa," alisema,
"mimi yangu naweka akiba."
Aliyaweka kwenye kochi, mbele ya mpira,
na dakika ya sabini na mbili hakushangilia goli.
Sisemi ngazi ingemwokoa. Ercilia angenisuta.
Nasema tu alikuwa hajaiona bahari tangu Februari,
na bahari iko mlangoni kwa Leoncio,
vidato kumi na vinne juu yetu.

Leo nina themanini na mitatu.
Vijana wananipita na saa zinazowahesabia hatua.
Mimi nahesabu kwa mdomo,
mfuko wa mkate ukinipasha tumbo joto,
na nikifika tisini na saba nakaa,
maana hapo ndipo mbwa anapokaa.

Asubuhi hii nimepata mia na sitini na vinne.
Ama wamejenga kimoja usiku,
ama nimekosea,
ama kipo kidato nilichokipanda mara mbili.
Mkate ulifika bado una moto.