Kifundo

Miaka ishirini na mbili nakanyaga cherehani Keko:
suruali za shule, mashela, mapazia ya gesti.
Kifundo nilichokijua ni cha mguu.

Shomari, muuza nyuzi wa Mtaa wa Mchikichi,
kijana wa juzi, ukucha mmoja kauacha mrefu wa kukatia,
ndiye aliyenionyesha kile kingine
huku anamrudishia mteja chenji:
"Toa sindano juu, mama.
Zungushia uzi mara mbili. Si tatu, kitavimba.
Kaza kwa kidole gumba, usiuonee huruma.
Sasa rudi chini, jirani na ulipotokea.
Jirani, nimesema!
Ukirudia tundu lilelile kinapita chote,
unabaki na kitambaa kitupu."

Nikanunua vishada vitatu: kijani, damu ya mzee,
na waridi iliyochujuka, ambayo alinipunguzia bei.
Fremu ya mbao. Robo mita ya poplini.

Kazi yenyewe ndogo, kifuniko cha jagi la maji,
duara, upana wa kisahani,
shanga pembeni zikishikilie feni ikiwaka.
Katikati nataka mchicha,
si ule wa fungu la sokoni,
ule uliosahauliwa shambani ukazeeka
ukatoa masuke mekundu, punje juu ya punje.

Usiku wa kwanza, vifundo vinne.
Cha kwanza kilipita chini kama hakikuzaliwa.
Cha pili kikaning'inia
kama kupe sikioni mwa mbwa.
Cha tatu nilikipenda mpaka nikakigusa, kikafumuka.
Cha nne sikukiona. Luku iliisha.

Siwema, mdogo wangu, alikuwa na matuta kumi na moja
bonde la Msimbazi.
Mwaka ule maji yalipopanda
alikuja usiku, godoro kichwani,
watoto wawili nyuma, na mbegu ndani ya kopo la maziwa.
"Wiki moja tu, dada."
Nikamwambia chumba kidogo.

Chumba hakikuwa kidogo.
Kilikuwa na cherehani mbili, mafurushi ya sare, na mimi.

Akaenda kupanga Chanika. Hakunitukana.
Bora angenitukana.
Nimeshampigia mara mbili tangu hapo,
na mara zote nimeanzia palepale:
"Lakini Siwema, na wewe si uliona hali..."
Akaitikia "haya", na "haya" tena,
uzi ukapita wote.

Jumanne Mama Edna alipiga hodi, anataka sare ya mwanawe.
Nikamwambia njoo kesho.
Nimewaambia watu njoo kesho maisha yangu yote;
hii ndiyo ya kwanza niliyoisema
nikiwa sitaki kuacha kazi, si kwa kuwa sijaianza.
Subana imenibana, nimeivua.
Kidole cha shahada kina matundu kama chujio.
Lakini suke la kwanza limesimama,
vifundo thelathini na kitu, vimebanana,
na ukipitisha kiganja juu yake
unasikia kabisa kwamba ni mbegu.
Nyuma ya kitambaa usiulize.
Nyuma ni soko la Ilala saa mbili asubuhi.

Jana, uzi mwekundu umebaki kama shubiri moja,
nilipiga simu Chanika.
Sikusema habari ya chumba.
Sikusema habari ya maji.
"Siwema, hebu nikumbushe,
mchicha ukizeeka,
masuke yake yanasimama au yanainama?"

Kimya. Kuku wake walisikika, na sufuria,
na mtoto mmoja, sauti imeshakuwa nzito,
anauliza ni nani.

"Yanainama, dada," akasema.
"Yakijaa yanainama.
Kwani unalima?"

"Nadarizi."

"Wewe? Kwa mkono?"
Akacheka. Si sana.

Nilipokata simu nilichukua mkasi mdogo
nikafumua nusu ya kazi.
Yangu yote nilikuwa nimeyasimamisha.