Ubao wa Getini

Mkuu alinipa ubao kwa sababu ya mwandiko.
"Wewe herufi zako zimenyooka," akasema,
akanikabidhi makapeni mbili, moja imekauka,
nami nikakoroga uji mzito wa sembe wa kubandikia,
maana gundi ya ofisi iliisha tangu Pasaka.

Basi kila Jumatatu, kabla ya kengele ya awamu ya kwanza,
huku Chamazi mchanga ungali baridi,
nabandika:
Chanjo ya wasichana, Alhamisi. Waje wamekula.
Kikao cha uji. Asiye na mia mbili aje hivyo hivyo, tuzungumze.
Madawati thelathini yanahitaji misumari, na fundi mwenye moyo.
Una mtoto asiyesikia vizuri? Fomu zipo kwa Mwalimu Nyamizi.
Usione haya.

Siwatu huuza mihogo ya kukaanga pale pale,
karai mbele, ubao mgongoni.
Kila asubuhi, akigeuza vipande, haniangalii:
"Mwalimu, leo ubao unasemaje?"
Namsomea. Naye anawapa wengine kwa kichwa,
neno kwa neno, na pilipili juu:
baba wa bodaboda, mabibi wanaolea wajukuu,
wenye viswaswadu visivyofika kwenye kundi la wazazi,
wenye simu kubwa zisizo na bando.
Hata mratibu wa kata, siku moja, tarehe aliiuliza kwake.

Miaka mitatu namjua, na sikujua.
Siku niliyobandika karatasi ya njano,
Darasa la jioni kwa wazazi, kusoma na kuandika,
chumba cha Pili B, bure, njoo na daftari,
aliuliza kama kawaida, nikasoma kama kawaida,
akanyamaza. Mafuta yakalia.
"Hilo la mwisho," akasema, "rudia."

Nilisogea karibu, nikarudia kwa sauti ndogo.

Mwezi huo huo ikaja bahasha yangu:
mafunzo ya walimu wa hesabu, wiki mbili, Morogoro,
nafasi moja kwa kata nzima, posho na cheti.
Ilikuwa imelala ofisini kwao chini ya chupa ya chai,
duara la kahawia juu ya jina langu.
Mwisho wa kupokea majibu: jana.
Mimi, mtangazaji wa nafasi za watu wote!
Nsajigwa, nikajiambia, mganga hajigangi.
Kisha nikaingia darasani, watoto mia na kumi na mbili,
tukagawanya kumi na tisa kwa tatu.
"Hii moja iliyobaki," akauliza Pazi, "inakwenda wapi?"
Haiendi, nikamwambia.
Inaandikwa pembeni.

Vuli ikanyesha, ubao ukavimba,
wino wote ukateremka kama kamasi.
Nikaandika upya usiku, umeme umekatika,
tochi ya simu naishika kwa meno.

Asubuhi Siwatu hakuuliza.
Aliacha kijiko karaini, akafuta mikono kwenye khanga,
akasimama mbele ya ubao, kidole kikitambaa,
midomo ikitafuna silabi kama muhogo wa moto:
ki… ka… o. Kikao. Cha. Wa… zi… zi.
Akarudi nyuma. Akaenda tena. Palepale.
Muhogo ulianza kuungua, wateja wakaguna.
Akanigeukia.
"Mwalimu. Wazizi ndio akina nani?"

Nikatazama. Kweli bwana.
Herufi zangu zimenyooka vizuri kabisa,
na zimekosea.

Akaninyang'anya makapeni,
ile iliyokauka, wala hakujua,
akasugua, akasugua, mpaka i ikakubali kuwa a,
a ya kijivu, dhaifu, imelalia kushoto.
Halafu akakimbilia mihogo yake.

Kikao kilishapita, na kingine, na kingine.
Karatasi ile sijaibandua.
Natangazia pembeni yake.