Ukucha Mweusi

Jumamosi, saa nne. Nasikia chupa zake kabla ya hodi,
rangi zinagongana kikapuni, kling, kling,
Mrutu anapanda ngazi za fleti yetu hapa Pasua
na mlima leo umejifunika, hautaki kuonana na mtu.

Kaa, namwambia, kigoda hicho.
Nampa mkono wa kushoto kwanza.
Wa kulia naufunika na khanga,
maana nina maswali, na maswali yana foleni.

Eti, kucha kumenyeka hivi ni kukosa maziwa
au ni sabuni ya unga?
Kazini tunachambua kahawa kwa vidole,
punje mbovu huku, punje nzima huku,
na msimamizi, mama Eliakunda, hataki rangi;
anasema itabanduka, iibukie kwenye kikombe cha Mzungu.
Basi nipake ipi isiyoonekana
lakini mimi mwenyewe nijue ipo?

Anacheka. Anachagua waridi hafifu.
Hajibu yote, ndiyo maana simbadilishi.

Na haya maisha ya kukaliana vichwani, nani aliyatunga?
Wa juu yangu anatwanga saa tano usiku.
Anatwanga nini, karanga au hasira?
Luku mita moja, nyumba tatu:
nikipiga pasi shati moja tu, Namba Nane anakohoa.
Maji yanapanda alfajiri; ukilala, imekula kwako.
Chupi nianike wapi, paani kwa wote,
au ndani zinuke ukungu?
Na taa ya ngazi, imeungua tangu Pasaka,
ni ya mwenye nyumba, ni yetu, ni ya nani?

"Lete wa kulia," anasema.

Nauleta.
Ukucha wa gumba mweusi tii, kama punje iliyoungua.

Basi sikia. Kila Alhamisi tunajifunza kujihami,
nyuma ya stoo ya mahindi, wanawake kumi na mmoja
na koplo mstaafu Ndeshukurwa,
mguu mmoja mfupi, sauti ndefu.
"Kucha si silaha. Zinavunjika, unabaki kuzililia.
Kitako cha kiganja, chini ya kidevu,
sukuma kama dirisha lililokwama.
Na usiseme nisaidieni. Sema moto!
Watu hutoka kuokoa vyao."
Nikamuuliza: na kama mtu yuko nyuma yangu tu,
ngazini, gizani, hajafanya kitu bado?
Akafikiri.
"Hapo, mwanangu, panda haraka."

Nikapanda haraka.
Jumanne ile ya mvua, funguo katikati ya vidole,
hatua nyuma yangu; nikisimama, zinasimama.
Nikafungua, nikaingia, nikabamiza mlango,
gumba langu likiwa bado kwenye fremu.
Sikusema moto.
Nilimwita mama, aliyelala Kibosho tangu mwaka juzi.

Nje, sauti nyembamba: "Jirani? Ni mimi, Nakiete, Namba Nane.
Nilikuogopa. Nikakuacha utangulie."
Peku, viatu kwapani,
funguo katikati ya vidole.
Akaleta sato mzima kutoka kwenye friji,
mgumu kama tofali,
nikalala naye kidoleni hadi saa nane.

Mrutu anageuza gumba kwenye mwanga wa dirisha.
Nauliza la mwisho: doa hili litaisha lini?
"Haliishi, dada. Linahama.
Ukucha unalisukuma taratibu mpaka nchani,
kisha unalikata mwenyewe. Hesabu hadi kahawa iive.
Ila usilikate usiku."
Kwa nini?
"Bibi alikataza. Hakusema kwa nini."

Anauacha bila rangi.
Tisa za waridi, mmoja uko safarini.
Namlipa, namwambia agonge mlango wa pili kushoto,
kuna vidole kumi pale na maswali ya kutosha.
Balbu tumeshanunua, nusu kwa nusu.
Ngazi ni ya nani, tutaulizana kwenye mwanga.

Nimesimama nyuma ya mlango wangu.
Chupa zinagongana. Hatua nne, tano, zinasimama.
"Nani?" anauliza Nakiete.
Uliza tena, mwenzangu. Uliza mara mbili.