Vidole Vitatu

Bi Aikande alifika gereji kwetu Pasua saa mbili asubuhi
na Subaru ya bluu ya mwaka tisini na saba,
boneti imechujuka, na mlangoni bado kivuli cha namba
iliyobanduliwa zamani: kumi na nne.
Nikadhani ni ya mwanawe.
Nikauliza, "Kijana mwenyewe yuko wapi?"
Akanitazama kama mtu anavyotazama geji ya mafuta
aliyokwisha kuijua kwamba ni mwongo.

Akafungua kitenge kwenye bonge la kiti cha nyuma.
Ndani, kama kipande cha muwa,
mkono mpya wa gia, kazi ya mchonga vyuma wa Unga Limited:
juu ya egemeo umepunguzwa,
chini umerefushwa,
bado unanuka mafuta ya mashine.

"Bega la kushoto limeganda tangu Kwaresima," akasema.
"Gia ya tatu naifikia.
Ya kwanza iko mbali kama Same,
na bila ya kwanza hakuna safari."

Nikamwambia ukweli, maana pesa yake sikuwa nimeishika bado:
"Mama, njia fupi inadai nguvu.
Utakachopunguza kwenye umbali
utakilipa kwenye kiganja."

"Kiganja kipo," akajibu.
"Nimekamua ng'ombe miaka arobaini."

Nikaingia uvunguni.
Eksozi ilikuwa ya moto, kutu ikanimwagikia jichoni.
Bushi za raba zimelegea kama ufizi usio na jino.
Bolti ya nne ikagoma.
Nikaipa dizeli, nikaipa matusi, nikaipa muda.
Yeye juu ya tairi bovu, mikono mapajani,
hakuniona ila miguu, lakini alikuwa anahesabu:
"Hiyo ya tatu imetoka. Ya nne unaizungusha vibaya,
spana inateleza, naisikia."
Vijana wakaacha kucheka.

Pini ikaanguka mchangani.
Elikunda akaleta sumaku ya spika iliyokufa,
akaiburuza chini ya gari kama anayechunga mbuzi mmoja,
akapata misumari miwili, kizibo cha soda,
na mwishowe pini.

Halafu ya tatu ikawa inagusa ukingo wa bati.
Nusu saa ya tupa. Hilo mchonga vyuma hakulipima.

Kirungu cha zamani tukakirudisha juu,
namba zote zimefutwa na kiganja kimoja,
imebaki herufi ya kurudi nyuma peke yake.
Bi Aikande akaketi, injini imezimwa, macho amefumba:
kwanza, pili, tatu, nne, tano.
Kak. Kak. Kak.
Akapima hewani.
"Ilikuwa shibiri," akasema. "Sasa vidole vitatu."

Tukapanda barabara ya Uru.
Mimi kushoto, mkanda nimeufunga mara mbili kwa mawazo.
Kwenye kona ya migomba akatoka ya nne kuingia ya tatu
na mkono sikuuona ukienda;
nilisikia injini, kisha nikasikia shingo yangu.
Uso wake ulijikunja mara moja tu,
pale kwenye tuta, alipoitafuta ya kwanza.
Sikuuliza.
Akaipata, tukapita.

Tuliporudi akalipa, akadai chuma cha zamani.
"Cha nini, Mama? Kimekwisha kazi."
"Banda la ng'ombe halina komeo."

Jumapili iliyofuata nilipita kwake kukaza ile bolti ya nne,
maana sikuwa nimelala vizuri kwa ajili yake.
Komeo lile lilikuwa langoni, limepakwa grisi,
ng'ombe watatu nyuma yake wanatafuna majani.
Nikalivuta kujaribu.
Linafunga vizuri.
Ila linakula shibiri nzima.