Mfuo wa Milimita Tatu

Ubao wa kwanza ulikuwa wa vumbi la mbao,
laini, rahisi, wa Mwembe Tayari.
Nilipandisha nao ngazi hadi gorofa ya tatu, Tudor,
Badi kashika ncha ya chini, analalamika.
Masika yakaunywesha.
Ukavimba kama mofa iliyosahauliwa mchuzini,
mfuo ukafumba mdomo,
na gari likakwama palepale
nilipokuwa nimeanza kujivuna.

Rukiya akachungulia chumba cha wageni,
akaona kitanda kimelaliwa na barabara.
"Na wageni wakija, yakhe, walale wapi? Konani?"

Wa pili ni ubao wa tabaka,
umetoka kreti ya injini, bandarini Kilindini,
ungali na mshale mwekundu na neno JUU.
Chengo, fundi milango wa Kongowea,
aliuchimba kwa mashine, akauliza mara tatu:
"Mfuo huu wapitisha nini? Waya? Maji?"
"Gari," nikamwambia. "Gari dogo."
Akanitazama jinsi mtu mzima atazamwavyo
akikutwa akicheza gololi peke yake.
Lakini alichimba vyema. Na chenji akarudisha.

Upana milimita tatu, kina saba.
Huku na huku nikabandika utepe wa shaba,
nikaulaza kwa mgongo wa kijiko,
usiku, pumzi nimezizuia,
kwani shaba ikikunjika mara moja haisahau.
Chumvi ya hewa yetu nayo haina adabu:
wiki haijesha, utepe umeota ukijani,
nami kila Ijumaa asubuhi, kabla sijaoga,
naufuta kwa raba ya shule
iliyoandikwa jina la Badi, darasa la nne.
Sasa ana ndevu.

Kona tukazipa majina:
Makupa, pana, ya kujidai.
Sabasaba, ambapo hakuna anayempisha mwenzake.
Na ile kali, inayopita shubiri moja
toka kabati la vikombe vya harusi,
hiyo ni Kona ya Rukiya.

Kisha magurudumu. Hapo tukagombana.

Silikoni zilikuja katika bahasha, toka Maskati,
zinang'aa, hazishiki hata alama ya kidole.
Chembe moja ya vumbi, tayari:
mkia wa gari unapepesuka
kama dagaa sinki la jikoni.
Sponji alizikata Badi
kwenye kandambili yangu ya kushoto
(ya kulia naivaa bado, kwa ukaidi).
Na mpira wa kawaida, mweusi, mgumu,
tuliousaga juu ya msasa, gari likizunguka papo hapo,
tone moja la mafuta ya cherehani,
mpaka ukawa duara la haki.

Gari moja. Mfuo mmoja. Mizunguko kumi kumi.
Sponji iliuma ubao, ikawaacha wote;
mzunguko wa nne imeshaokota
nywele za paka, unga wa mahamri,
na uzi wa kanzu.
"Isafishe, tena," akasema Badi.
Tukaisafisha. Tena.
Ikafika Kona ya Rukiya kwa kasi yote
na badala ya kuteleza, ikashika.
Ikashika, ikashika,
gari likabiruka, paa chini,
magurudumu yakivuma hewani kama nzi ndani ya glasi.

"Limeshika mno," akasema.

Nikachagua mpira.
Unaachia kidogo, inchi moja, si zaidi,
mkia unatoka nje, unafikiri, unarudi.
Badi hakubisha. Alikuwa anatazama
barua ya chuo cha Eldoret
niliyoiweka chini ya transfoma
ili isipeperushwe na feni.

Ndipo stima ikapotea, Tudor nzima.
Feni ikajikokota, ikanyamaa.
Gari limesimama mahali fulani gizani,
kidole changu bado kiko kitufeni.

"Kitoe, baba," akasema. "Stima ikirudi litapaa."

"Nakitoa," nikasema.
Na nilikuwa nakitoa.